Uliza Bwana Mifugo: Mbio anazo, kurudi hajui

SWALI: Shikamoo Bwana Mifugo. Mimi ni kijana wa Kigombe, nalima muhogo na kukata mkonge kwa kibarua. Nina mbwa dume wa miezi minane. Mama yake ni mbwa wetu wa kawaida wa kijijini, baba yake ni mbwa mrefu mwembamba, greyhound, wa mgeni mmoja aliyekuwa akiishi jirani na shamba. Nimemwita Mtajiju. Ana mbio ambazo sijawahi kuziona. Nilimpeleka porini pamoja na mbwa wakubwa wa jirani yangu. Sungura alipochomoka, Mtajiju akawapita wote, akapotelea mbele. Alirudi adhuhuri, tumbo limejaa, mdomo una manyoya. Safari iliyofuata akaacha sungura, akafukuza mbuzi wa watu. Jirani anasema nimlaze na njaa, nimkate masikio na kumpaka pilipili puani ili awe mkali. Nifanyeje awe mbwa wa kusaka kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na huyo jirani yako, maana ushauri wake nimeusikia Pangani, Muheza na Handeni tangu nilipotoka chuo cha mifugo Buhuri, na hadi leo naletewa mbwa walioharibiwa nao. Pilipili inaunguza utando laini wa pua. Sikio lililokatwa ni kidonda, kidonda kinaita inzi, inzi anaacha funza. Ukali hauongezeki hata chembe. Na hiyo njaa ndiyo iliyokula sungura wako. Mbwa aliyelala na njaa anasaka chakula chake, hasaki chako. Mlishe vizuri jioni, asubuhi mpe maji kidogo tu, atoke na tumbo jepesi lakini asiwe na dhiki.

Sasa mbwa mwenyewe. Huko Uingereza chotara wa namna hii wana jina lao, huitwa lurcher. Wanachukua mbwa wa mbio, greyhound au whippet au saluki, wanamchanganya na mbwa wa kazi kama collie wa kuchungia kondoo, au terrier. Greyhound anapita kilomita 60 kwa saa, lakini akishaona kitu kinakimbia masikio yake yanaziba. Ndiyo maana wanamtafutia mwenzi msikivu. Wako amepata mbio kwa baba, na kwa mama amepata ugumu. Usimdharau mama yake. Mbwa wa kijijini aliyefika umri wa kuzaa ameshashinda kupe, minyoo, vichwa vya samaki vyenye miba na mawe ya watoto.

Lakini angalia, wale Waingereza wanamsaka mnyama tofauti na wetu. Sungura wao anachimba mashimo, anaishi kwa ukoo chini ya ardhi, na akishtuliwa anakimbia kipande kifupi tu kuwahi shimo. Mbwa wao anahitaji mruko mmoja wa nguvu kisha mambo yamekwisha. Sungura wa mwituni wa huku kwetu hachimbi. Analala kwenye kijishimo cha nyasi, masikio ameyalaza mgongoni, unaweza karibu kumkanyaga. Akitoka anategemea miguu na kukata kona. Mbwa wako atamfuata mbali sana, atapita shamba la huyu na la yule, aingie kwenye mikonge, atoke barabarani. Ndiyo maana nakwambia kazi yako kubwa si kumfundisha kukimbia. Hilo kazaliwa nalo. Kazi ni kumfundisha kurudi, na kumfundisha kungoja.

Kabla ya hayo, sheria, na usiruke aya hii. Wanyamapori wa nchi hii ni mali ya umma, hata yule aliyelala kwenye muhogo wako. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka leseni kwa anayewinda, na inazo njia za kuwinda ilizozikataza. Nenda kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya, uliza habari ya leseni, na uulize waziwazi habari ya mbwa na ya tochi za usiku. Usiridhike na jibu la mdomo, omba karatasi. Hata hao Waingereza wana mipaka yao. Sheria yao iliyopitishwa 2004 na kuanza kutumika 2005 kwa England na Wales ilikataza kuwinda kwa mbwa yule sungura mkubwa asiyechimba, aliye ndugu wa huyu wetu, na ikamruhusu yule wa mashimoni kwa idhini ya mwenye ardhi. Na upande wa kusini wa Pangani usisogee kabisa na mbwa wako karibu na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Huko hakuna cha kujieleza.

Wakati unasubiri karatasi, una kazi ya kutosha nyumbani, na wala haihitaji sungura.

Miezi minane ni mtoto, usidanganywe na urefu. Ncha za mifupa yake mirefu bado ni laini, hazijaziba. Kwa mbwa wa miguu mirefu hilo hukamilika karibu na mwaka, wengine mwaka na robo. Ukimtia kwenye mbio kali sasa, kwenye ardhi iliyokauka, unaweza kumharibu goti au bega akabaki anachechemea maisha yake yote. Acheze, akimbie anavyotaka, achoke mwenyewe alale. Lakini asikimbizwe nyuma ya baiskeli kama ninavyoona vijana wa barabara ya Pangani wakifanya, na asipelekwe tena na mbwa wakubwa wa jirani. Mwanafunzi akiwa katikati ya kundi hajifunzi kwako, anajifunza kwa mbwa wenzake, na mbwa wa jirani wanaonekana hawana adabu.

Jina nalo. Mtajiju nimecheka, najua hizo ni salamu kwa majirani. Lakini porini unahitaji sauti mbili zinazotoka kwa pumzi moja. Mwite Taji, limo humo humo ndani, na majirani ujumbe wao wameshaupata.

Tafuta kamba ya mita kumi hivi. Najua uko kwenye mkonge na kamba ya katani ni ya bure kwako, lakini ile inachana shingo na inaunguza viganja mbwa akichomoka. Nunua ya nailoni nene, na shingoni mvishe mkanda mpana wa ngozi. Greyhound na watoto wake wana shingo nene kuliko kichwa, kwa hiyo mkanda ukilegea unavuka masikio na mbwa keshaondoka. Pima mpaka vidole viwili tu vipite.

Anza uani, sio porini. Chukua uono mkavu kiganjani, wale samaki wadogo wadogo wa sokoni. Acha Taji aende mpaka mwisho wa kamba anuse mambo yake, kisha mwite mara moja. Mara moja tu. Akija, uono. Asipokuja usirudie jina kama muuza maji, vuta kamba polepole mpaka afike, na akifika mpe uono vilevile, mshike shingo, kisha mwachie aende tena. Hapo kwenye kumwachia ndipo watu wengi wanapokosea. Wanamwita mbwa wakati wa kufungwa, wakati wa kuogeshwa dawa ya kupe, wakati wa kwenda nyumbani. Mbwa si mjinga, anajumlisha. Kila akiitwa raha inakwisha, basi atasikia jina lake kwa mbali kama halimhusu. Wewe mwite mara nyingi bila sababu, umpe kidogo, umwachie. Akue akijua kuja kwako hakumgharimu uhuru.

Na fimbo. Alivyorudi ile adhuhuri na manyoya mdomoni, nina hakika ulimchapa, ingawa barua haikusema. Mbwa anaunganisha adhabu na kitu cha mwisho alichofanya, na cha mwisho alichofanya ni kurudi nyumbani. Kuanzia leo, akirudi hata saa kumi jioni, mpokee. Kasirika moyoni.

Akishazoea sauti, ongeza filimbi ya plastiki. Sauti ya mtu hubadilika akiwa na hasira au akiwa ametweta, filimbi haibadiliki, na inafika mbali hata kusi inapovuma. Babu yangu Handeni alikuwa anawafunga mbwa wake njuga shingoni ili ajue walipo kwenye vichaka, na alikuwa na mluzi wake mmoja ambao mbwa wa kijiji kizima waliufahamu. Sisi wajukuu tulikatazwa kuuiga.

Kungoja unakufundisha kwenye sahani. Weka ugali wake chini, mshike kifua, sema "ngoja". Mwanzoni pumzi mbili tatu, kisha sema "haya". Baada ya wiki kadhaa asiguse sahani mpaka umwambie, hata ukigeuka mgongo. Kitu hichohicho utakihitaji siku sungura amechomoka kuelekea barabara ya lami na wewe hutaki mbwa wako aende. Mbwa unayeweza kumtuma lakini huwezi kumzuia huyo bado hujamfundisha.

Sasa kuleta. Huu ndio ugonjwa wa Taji, kukamata na kula pale pale. Tafuta ngozi kavu, ya mbuzi inatosha, uifunge kwenye makumbi ya nazi mpaka iwe na ukubwa wa sungura mdogo. Tafuta njia nyembamba, baina ya nyumba na ua wa makuti kwa mfano, ambapo hana pa kupita isipokuwa kwako. Rusha mbele, mwachie, akiokota wewe chutama na urudi nyuma kidogo. Usimfuate! Ukimfuata unamfundisha mchezo wa kukimbia na mali. Akifika usimnyang'anye mdomoni, weka mkono chini ya kidevu chake, mpe uono kwa mkono mwingine, ataachia mwenyewe, na hapo ndipo useme "achia". Mara tatu au nne kwa siku yatosha, umalizie akiwa bado ana hamu. Ficha lile furushi, lisilale uani akalitafuna. Na watoto wasivutane naye kamba wala matambara, maana mbwa aliyezoea kuvutana anabana meno, na nyama inayofika kwako inakuwa imepondwa.

Mbuzi ni subira tu. Kila jioni wanaporudi, kaa nao, Taji kwenye kamba fupi kando ya mguu wako. Akiwakazia macho na mwili kukakamaa, geuka uondoke naye kabla hajaruka. Akitulia akapiga miayo, uono. Kuku hivyohivyo. Ule mtindo wa kumfunga kuku aliyekufa shingoni mpaka aoze sijaona ukimponya mbwa, nimeona ukiwahamisha wenye nyumba.

Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe mapema, kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kama Taji hajachanjwa, hiyo ndiyo kazi ya wiki hii, kabla ya kamba na filimbi. Mbwa wa kusaka anakutana na bweha, anapigana na mbwa asiowajua. Akikuuma yeye au mwingine, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Omba pia chanjo ya distempa. Ugonjwa huo ndio uliopukutisha karibu theluthi ya simba wa Serengeti mwaka 1994, na mbwa wa vijijini walinyooshewa kidole.

Akifikisha mwaka, anakuja akiitwa, anangoja, analeta, anapita kati ya mbuzi bila kugeuza shingo, na karatasi yako iko mfukoni, ndipo mtoke. Wewe na yeye tu. Alfajiri, miezi ya kusi, Juni mpaka Septemba, jua la Tanga likiwa na huruma kidogo. Chagua mahali pa wazi, nyasi fupi. Kwenye mikonge asiachiwe kamwe. Wewe unayekata unaijua ile ncha ya jani, nyeusi, ngumu kama sindano ya gunia. Mbwa anayekimbia ameinamisha kichwa anaingiza jicho humo bila kuona. Chunguza pia mitego ya nyaya ambayo watu hutega kwenye njia za wanyama, na kifutu, yule nyoka mnene asiyekimbia mtu anapokuja.

Mpe mbio moja. Akikosa, na atakosa, mwite, msifu, mpumzishe. Mbio mbili zikitosha rudini nyumbani. Mbwa mwembamba hivi anapata joto haraka, na akizidi nyuzi 41 ubongo unaanza kuumia. Akihema kwa sauti, ulimi umekuwa mwekundu sana au wa zambarau, na anayumba, mtie kivulini kwenye upepo, mmwagie maji tumboni na mapajani, anywe kidogo kidogo. Ngozi yake nayo ni nyembamba, hupasuka kwa mwiba mdogo, kwa hiyo mkague miguu na kifua kila mkitoka. Na utumbo wa sungura usimpe mbichi, una malengelenge ya tegu ambayo yakifika tumboni mwa mbwa yanakuwa minyoo mirefu. Fukia. Kama unataka kumzawadia, chemsha ini.

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Bagamoyo. Mwanangu wa kidato cha nne ameleta mbwa nyumbani, anasema atamfundisha kuwinda. Mama yake hataki hata kumwona. Mbwa akikamata sungura, nyama inaliwa? Na mbwa akae wapi?

JIBU: Waalaykum salaam, kaka yangu. Mimi ni mtu wa sindano na kupe, fatwa mpelekee sheikh wako. Ila nitakuambia kitu kinachonifurahisha kama mfundishaji wa mbwa. Aya ya 4 ya Suratul Maida inahalalisha windo la mnyama aliyefundishwa, litajwe jina la Mwenyezi Mungu juu yake. Na katika hadithi ya Adiyy bin Hatim, Mtume (s.a.w.) alimweleza kwamba mbwa akila katika windo basi wewe usile, kwa kuwa amejikamatia nafsi yake. Wanazuoni wa Kishafii wakaweka alama za mbwa aliyefundishwa: akitumwa aende, akizuiwa asimame, asile alichokikamata, na hayo yajirudie mpaka ijulikane si bahati. Soma tena barua ya kijana wa Kigombe hapo juu uone Mtajiju amefeli masomo mangapi. Kwa hiyo mwambie mwanao kwamba mafunzo yenyewe ni sehemu ya uhalali. Mbwa mtoro hampi mama kitoweo. Na sungura akikutwa bado yu hai, achinjwe.

Mambo ya sheria niliyomwandikia wa Kigombe yanamhusu mwanao vilevile, na kidato cha nne kwanza amalize mtihani.

Mahali pa kukaa ni nje, kibanda chenye kivuli upande ambao upepo hauleti harufu jikoni. Awe na sahani yake isiyoingia ndani, ioshewe nje. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wametajwa kwa ruhusa yao, mama anayajua hayo pengine kuliko wewe. Nahisi asichokitaka ni mbwa kulamba vyombo vyake halafu yeye abaki anaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Hapo yuko sahihi, na suluhisho ni mlango na kamba.

SWALI: Bwana Mifugo, nipo Mkwaja. Mbwa wangu wa shamba amekonda ghafla, ana homa zinazokuja na kuondoka, na jicho limekuwa na ukungu wa bluu. Jirani mfugaji ana ile sindano ya njano ya ng'ombe, anataka kumchoma leo. Nimruhusu?

JIBU: Hapana, bado. Huko kwenu kuna mbung'o, na nagana, ule ugonjwa wanaoueneza na unaowaua ng'ombe, unampata mbwa pia. Jicho kuwa na ukungu ni moja ya dalili zake, kwa hiyo shaka ya jirani yako ina msingi. Lakini homa ya kupe nayo hukondesha, na si kila aina yake inatibiwa kwa sindano hiyo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo achukuliwe damu, hata kama ni safari ya kuvuka mto kwenda Pangani. Ile sindano ya njano, dawa ya nagana, kwa ng'ombe ina nafasi ya kukosea. Kwa mbwa nafasi hiyo ni ndogo mno, na dozi ikizidi huharibu ubongo, aanze kuzungukazunguka na kuanguka. Dozi inakwenda kwa kilo, kwa hiyo apimwe kwenye mizani, asikadiriwe kwa macho. Kama hakuna mizani ya mbwa, panda wewe kwenye mizani ya zahanati ukiwa umembeba, kisha peke yako, utoe. Muombe nesi ruhusa kwanza.